Fomu ya Kodi Inaponaswa na Antivairasi

Mwezi wa Juni ukielekea ukingoni, saiba za Free Area, kando ya barabara kuu ya kutoka Nairobi kuingia Nakuru, hupokea wengi wanaotaka kujaziwa ritani za Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) kabla ya tarehe 30. Mwenye mshahara pekee hujaza moja kwa moja kwenye tovuti ya iTax. Mwenye biashara hupakua fomu ya Excel yenye makro, yaani programu ndogo zinazopiga hesabu, kukagua majibu na kutoa faili la zip la kupakia. Hapo ndipo maonyo huanza.

Maonyo yana sababu. Virusi vya makro vilienea tangu 1995, na mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti. Basi soma kwanza onyo linasema nini. Excel ikisema makro zimezuiwa, haijagundua virusi. Imeona tu kwamba faili limetoka nje. Defender, antivairasi ya Windows, ikitoa jina linaloishia na !ml, imekisia kwa kulinganisha na mifano. Ikitaja familia ya virusi inayojulikana, kama Emotet, mambo yamebadilika. Na faili linalojiita ritani huku likiishia na .exe halina haja ya uchunguzi: lifutwe.

Baada ya hapo uliza limetoka wapi. Lililoshushwa sasa hivi kutoka iTax si sawa na lililopitia WhatsApp na flashi za watu watatu. Ikiwa fomu bado ni tupu, shusha nyingine ya toleo hilohilo, kisha utumie amri ya certutil -hashfile, yenye neno SHA256 mwishoni, kupata SHA-256, yaani alama ya utambulisho, ya kila moja. Tarakimu na herufi zote 64 zikilingana, faili ni lile lile. Unaweza pia kuitafuta SHA-256 hiyo kwenye VirusTotal, inayokusanya maoni ya antivairasi nyingi. Moja au mbili zikilalamika, huenda ni kosa. Zikinyamaza zote, bado si cheti cha usalama, kwa kuwa kirusi kipya huwa hakijajulikana.

Fomu iliyokwisha kujazwa ndiyo ngumu. SHA-256 yake hailingani na ya fomu nyingine yoyote, hivyo utafutaji hauleti kitu, na mhudumu hushawishika kulipakia faili lenyewe VirusTotal. Hili nalipinga kabisa. Mafaili yanayopakiwa huko huweza kufikiwa na kampuni za usalama na wateja wa VirusTotal wanaolipia, na ritani ina PIN, mapato na akaunti ya benki ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mteja huyo hata akiwa amekaa kwenye benchi la saiba.

Njia bora ni kusoma makro bila kulifungua faili, kwa zana ya bure iitwayo olevba. Makro inayopiga hesabu na kuandika zip inafanya kazi yake. Inayoita PowerShell au kushusha kitu kutoka anwani ngeni haina kazi kwenye ritani.

Antivairasi nayo hukosea: tarehe 21 Aprili 2010, McAfee ililifungia svchost.exe, faili halali la Windows XP, na kompyuta nyingi duniani zikakwama. Hata hivyo, usiizime antivairasi kwa sababu foleni ni ndefu. Ukibaki na shaka, shusha fomu mpya kutoka iTax na mwombe mteja akusomee tarakimu zake upya.