Mykhailo Kotsiubynsky na Jicho Lisilolala

Mykhailo Kotsiubynsky alizaliwa mwaka 1864 katika mji wa Vinnytsia, Ukraine, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya dola ya Urusi. Mama yake alipofuka, naye angali kijana akawa tegemeo la nyumba. Mwaka 1891 alifaulu mtihani wa ualimu. Basi twaweza kumwita mwenzetu.

Hadithi zake za kwanza zafuata desturi ya waliomtangulia: kijiji, mavazi, mila na mazungumzo ya wakulima, kila jambo mahali pake. Ni nzuri, lakini twaona mwandishi amesimama mlangoni, hajaingia ndani. Toka 1892 hata 1897 alitumika katika tume ya kupiga vita mdudu alaye mizabibu, huko Bessarabia na Krimea. Hapo aliona jinsi shamba la maskini liharibiwavyo ili mashamba mengine yapone.

Badiliko kubwa twalikuta katika “Maua ya Mtufaha”, ya mwaka 1902. Baba mmoja, naye ni mwandishi, akesha usiku karibu na binti yake mdogo anayekata roho. Ampenda mno, na uchungu wake ni wa kweli. Hata hivyo jicho lake halilali: latazama, lasikiliza, laweka akiba ya maneno kwa kitabu kitakachokuja. Baba ajiona mwizi. Habari zenyewe ni chache; yote yatendeka moyoni. Wako wasemao kwamba hadithi hii ni baridi. Sisi twakataa, kwani mtu baridi hangeona haya.

Katika “Intermezzo” (1908) alizidi: uchovu, jua na mashamba ya nafaka vyatajwa kama watu wa mchezo. Mwenye kuchoka awakimbia wanadamu, lakini mwisho akutana na mkulima shambani, akakaa kumsikiliza.

Alipokaa Kryvorivnia, kati ya Wahutsul wa milima ya Karpati, aliandika “Vivuli vya Wahenga Waliosahauliwa” (1911), miaka 2 kabla ya kufa kwake. Mila zimerudi, ila sasa hazionyeshwi kama vitu vya dukani. Lahaja ya milimani yaweza kumchosha msomaji mgeni, na avumilie. Mwishoni Ivan alazwa maiti, nje pembe ndefu zalia, na ndani ya nyumba hiyohiyo waliokuja kuomboleza waanza kucheza na kucheka. Wala hapana aonaye haya.