Dhima si Uwajibikaji: Halmashauri Inapodaiwa na Majeruhi

Katika tafsiri za sheria na nyaraka za halmashauri tulizozipitia, neno 'uwajibikaji' limebebeshwa mizigo ya maneno manne. Halmashauri iliyoacha mtaro wazi kando ya njia, mtu akatumbukia usiku na kuvunjika mguu, huandikwa kwamba "inawajibika". Twauliza: inawajibika kufanya nini? Kuufunika mtaro? Kumwomba radhi majeruhi? Kumlipa? Msomaji haambiwi, na hasara ya utata huo humwangukia aliyevunjika mguu.

Kiswahili cha siasa kimekwisha kulipa neno hili maana yake. Ali Hassan Mwinyi alipojiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977, kufuatia vifo vya watuhumiwa mkoani Shinyanga, husemwa kwamba aliwajibika. Kitendo hicho ni cha heshima, lakini hakimpi aliyedhurika haki ya kudai hata senti moja. Sheria ya madhara hutafuta deni. Ndiyo maana twalipendelea neno 'dhima', ambalo kwa asili yake ya Kiarabu ni deni au ahadi imkaliayo mtu shingoni. Walimu wa fasihi wamelizoea kwa maana ya kazi au umuhimu, nao huenda wakanung'unika; lakini istilahi moja yaweza kutumika katika taaluma mbili bila ya ugomvi. Basi 'wajibu' na libaki kuwa lile ambalo halmashauri yapaswa kulitenda tangu mwanzo. 'Uzembe' ni kuuvunja wajibu huo. 'Dhima' ni deni lizaliwalo na uvunjaji. 'Fidia' ni malipo yake.

Hata hivyo 'uzembe' nao hautoshi peke yake. Sheria ya Uingereza itokanayo na hukumu za majaji, iliyopokewa Tanganyika kwa kadiri ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, ilitenga kutenda vibaya na kutotenda. Mwaka 1788 mahakama ilikataa dai dhidi ya wakazi wa Devon la mtu ambaye gari lake liliharibika kwa ubovu wa daraja. Mamlaka iliyochimba shimo barabarani na kuliacha bila taa wala uzio iliweza kudaiwa. Iliyoliacha tu shimo lililochimbwa na mvua haikuweza. Sheria ya mwaka 1961 ndiyo iliyoiondoa kinga hiyo Uingereza na Wales, kuanzia mwaka 1964, na Sheria ya Barabara ya mwaka 1980 humpa mdaiwa utetezi akithibitisha kwamba alichukua hadhari ipasavyo. Mabadiliko hayo ni ya baada ya 1920, kwa hiyo hayakuingia kwa mlango ule. Mfasiri aandikaye 'uzembe' kwa mambo yote mawili huwa ameamua kesi kabla ya hakimu.

Neno 'ajali' nalo lataka uangalifu. Asili yake ni muda aliopangiwa mja, hasa wa kufa, na wahenga walisema ajali haina kinga. Lakini madai haya yahusu yale yenye kinga: mfuniko, taa, kamba ya kuzuia wapitao. Katika maelezo ya madai twashauri kuandika 'tukio'. Na yale mabango ya "uongozi hautahusika"! Kuhusika ni jambo la ukweli, wala bango haliwezi kulikana. Kinachokusudiwa kukanwa ni dhima, na kama sheria yaruhusu kuikana ni swali jingine.

Mambo haya hayangoji. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, na tangu mwaka 2020 atakaye kuishtaki halmashauri hutakiwa kutoa kwanza notisi ya siku 90. Majeruhi aandikaye humo "naomba mwajibike" aweza kujibiwa kwamba mtaro umekwisha kufunikwa.

Limebaki jina la kile kilichomdhuru. Baadhi ya wafasiri huandika 'hali ya hatari'. Istilahi hiyo imekwisha kuchukuliwa: Ibara ya 32 ya Katiba ya mwaka 1977 yampa Rais madaraka ya kutangaza hali ya hatari, kama vile wakati wa vita. Mfuniko uliopotea haumhitaji Rais. Twapendekeza 'kasoro ya hatari', na tutapokea pendekezo lililo bora kutoka kwa wasomaji walio mahakamani na katika ofisi za halmashauri.