Kabla Plagi Haijaingia

Gari-nyumba la Marekani au Kanada, liwe lenye injini yake au karavani ya kukokotwa, hubeba mifumo miwili ya umeme chini ya paa moja. Wa kwanza ni wa betri ya volti 12, unaowasha taa, pampu ya maji na feni ndogo hata gari likiwa porini. Wa pili ni wa volti 120, sawa na ule wa nyumba za huko, na ndio unaoendesha kiyoyozi cha paani, maikrowevu na hita ya maji. Huu wa pili hulala mpaka gari lipate jenereta au lichomekwe kwenye soketi. Viwanja vya kambi vina nguzo za soketi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Nyumbani, ambako magari mengi hukaa sehemu kubwa ya mwaka, aghalabu hakuna nguzo. Kuna ukuta wa gereji, kuna kisanduku cha breka, na kuna fundi umeme anayeitwa kuvikutanisha na gari. Ni kazi ndogo kwa kuitazama, lakini inadai elimu nzito, na fundi anayeifanya vizuri anastahili sifa ambazo ni nadra kuzipata.

Kila kitu kinaanzia kwenye namna umeme unavyoingia nyumba ya Kimarekani. Msomaji wa Afrika Mashariki amezoea nyumba yenye laivu moja ya volti 230 au karibu na hapo. Kule huingia laivu mbili na nyutro moja: kati ya laivu yoyote na nyutro mna volti 120, na kati ya laivu na laivu mna volti 240. Taa na soketi za kawaida hutumia laivu moja, jiko la umeme na mashine ya kukaushia nguo hutumia zote mbili. Magari-nyumba nayo yamegawanyika hivyo hivyo. Madogo na ya wastani yana plagi ya ampea 30 yenye pini tatu, yaani laivu moja, nyutro na ethi, na uwezo wake ni wati 3,600. Makubwa yana plagi ya ampea 50 yenye pini nne, na kwa kuwa yanapokea laivu mbili, kila moja ikibeba ampea 50, uwezo wake hufika wati 12,000. Anayedhani kwamba plagi ya 50 inaizidi ya 30 kidogo tu anakosea kwa zaidi ya mara tatu.

Kosa linalojulikana zaidi katika kazi hii hufanywa na fundi mzoefu kuliko mwanafunzi. Fundi amefunga soketi nyingi za ampea 30 za mashine za kukaushia nguo, na zile ni za volti 240. Siku anapoitwa kwenye gari-nyumba na kuona plagi nene, yenye pini bapa zilizokaa mshazari na iliyoandikwa ampea 30, mazoea yanamwelekeza kwenye breka ya nguzo mbili, ile inayokamata laivu zote mbili. Gari lililojengwa kwa volti 120 linapokea 240. Chaja ya betri, maikrowevu na kila kifaa chenye elektroniki nyeti huweza kuungua papo hapo, na breka haiwezi kuviokoa, kwa sababu breka huhesabu ampea na haina habari na volti. Fundi stadi huyashuku mazoea yake. Husoma maandishi yaliyochapwa kwenye uso wa soketi, huhakikisha kwamba ni ya aina ya TT-30, ile ya gari-nyumba, kisha huifungia breka ya nguzo moja ya ampea 30 na waya wa shaba wa geji 10, ambao unene wake ni kama milimita za mraba 5.3. Soketi ya ampea 50, ile ya 14-50, ndiyo inayotaka breka ya nguzo mbili, na waya wake ni geji 6, karibu milimita za mraba 13.3. Katika hesabu ya geji za Kimarekani, namba ikipungua waya hunenepa.

Umbali nao una deni lake. Waya wa geji 10 ukienda mita 30 na kubeba ampea 30 zote, volti kama sita hupotea njiani, na gari hupokea 114 badala ya 120. Hapo fundi mwenye kujali hupanda hadi geji 8 bila kungoja kuombwa. Waya ukipita chini ya ardhi, Kanuni za Taifa za Umeme za Marekani, zilizotoka mara ya kwanza mwaka 1897, zinataka kwa kawaida kina cha sentimita 60 kwa kebo iliyofukiwa yenyewe na sentimita 45 kwa iliyo ndani ya paipu la plastiki.

Wenye magari wengi hawafungi soketi maalumu. Hununua adapta inayoiwezesha plagi ya ampea 30 kuingia kwenye soketi ya kawaida ya ampea 15 au 20. Hakuna ubaya, mradi ieleweke kwamba adapta hubadili umbo la pini tu, haiongezi nguvu. Soketi ya ampea 15 hutoa wati 1,800 kwa kikomo, na kwa mzigo wa saa nyingi mfululizo haifai kupita asilimia 80 ya hapo, yaani wati 1,440. Kuchaji betri na kuendesha friji kunawezekana kwa raha. Kiyoyozi cha paani ni habari nyingine, maana peke yake kinaweza kuzila ampea zote hizo, na pale kompresa inapoanza kuzunguka hudai zaidi. Tena soketi ya gereji mara nyingi huchangia breka moja na friza iliyo pembeni, jambo ambalo mwenye nyumba hulijua siku nyama inapoharibika.

Ekstensheni nyembamba ya kukatia majani haifai hapa, hata kama inafika. Ikiachwa imeviringwa, joto lake hukosa pa kutokea na gamba lake huanza kulainika. Lakini mahali panapoungua zaidi si katikati ya waya, ni kwenye pini. Mguso uliolegea ukiwa na ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu, na ampea 30 zikipita hapo, wati 90 za joto huzaliwa ndani ya nafasi ndogo kuliko kidole gumba. Ampea zikipungua kwa nusu, joto hilo hupungua mara nne, na hii ndiyo faida waliyo nayo watu wa volti 230: kazi ile ile hufanyika kwa takriban nusu ya ampea. Wa volti 120 hawana nafuu hiyo. Ndiyo maana fundi wao mzuri hukaza kila skrubu ya soketi kwa bisibisi yenye kipimo cha mkazo, kwa namba aliyoitoa mtengenezaji, wala hategemei nguvu za kiganja. Dakika tano anazotumia hapo ndizo nusu ya ubora wa kazi yake.

Waya unaodai uangalifu kuliko wote ni ule ambao siku za kawaida haubebi umeme wowote. Gari-nyumba limesimama juu ya mpira, na bodi yake ya chuma imetengwa na ardhi. Laivu ikigusa bodi huku ethi ikiwa imekatika popote kati ya gari na meni swichi, taa zitawaka, friji itapoa, hakuna breka itakayokatika, na gari zima litakuwa laivu. Atakayepigwa ni yule aliyesimama pekupeku kwenye nyasi zenye umande akashika kitasa cha mlango. Wapo wanaodhani kwamba fimbo ya shaba ikigongomelewa ardhini kando ya gari itaziba pengo hilo. Hesabu inakataa. Fimbo yenye ukinzani wa omu 25 ikipewa volti 120 hupitisha ampea 4.8 tu, na breka ya 30 haitajua kwamba kuna tatizo. Ethi inayookoa ni ile inayorudi kwa waya hadi meni swichi, ambako imefungwa pamoja na nyutro, ili hitilafu ivute umeme mwingi kwa mkupuo na breka ikate mara moja. Mahali pa kuzifunga pamoja ni hapo peke yake. Ndani ya gari lililochomekwa, nyutro na ethi hazitakiwi kugusana, kwani zikigusana bodi huanza kubeba umeme unaorudi.

Kuna kinga ya pili, soketi inayokata umeme unaovuja. Ilibuniwa mwaka 1961 na Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, aliyechunguza kwa miaka mingi ni kiasi gani cha umeme ambacho mwili wa binadamu unaweza kustahimili. Soketi hiyo hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika kati ya miliampea 4 na 6 hukata. Gari likichomekwa hapo na soketi ikakata kila mara, wengi huhamia soketi nyingine isiyo na kinga. Fundi hufanya kinyume chake: huzima breka za gari zote, huwasha moja baada ya nyingine, mpaka ampate mkosaji, ambaye mara nyingi ni hita ya maji iliyopasuka ndani au nyutro inayogusa ethi mahali fulani.

Soketi ya ampea 50 ina hatari zake yenyewe. Ya kwanza ni nyutro iliyolegea. Nyutro ikiachia, vifaa vya laivu mbili hujikuta vimefungwa mfululizo kwenye volti 240, na kifaa chepesi upande mmoja kinaweza kupewa volti nyingi zaidi ya 120 kilizojengewa. Hatari nyingine ni laivu zote mbili kutoka upande mmoja wa kisanduku, yaani kwenye laivu moja ile ile ya nyumba. Zikiwa pande tofauti, nyutro hubeba tofauti yao tu. Zikiwa upande mmoja, nyutro hubeba jumla, hadi ampea 100 kwenye waya wa 50.

Kwa hiyo kipimo hutangulia plagi. Breka ya soketi huwashwa, na mita huingizwa pini kwa pini. Kwenye soketi ya 30, laivu na nyutro zinatakiwa kusoma karibu 120, laivu na ethi vilevile, nyutro na ethi karibu sifuri. Kwenye ya 50, kila laivu husomwa hivyo, na laivu kwa laivu lazima ziseme 240. Zikisema sifuri, zimetoka upande mmoja. Kisha breka huzimwa tena, kebo huchomekwa kwanza garini na baadaye kwenye soketi, breka ya soketi huwashwa, na vifaa vya gari hufuata kimoja kimoja, kikubwa kikingoja mwisho. Testa ya kugundua umeme bila kugusa hupitishwa karibu na bodi kabla ya mtu yeyote kushika mlango. Kiyoyozi kikiwa kimefanya kazi saa moja, plagi hupapaswa: ikiwa vuguvugu inavumilika, ikiwa ya moto kuna mguso uliolegea. Wakati wa kuchomoa, mizigo huzimwa kwanza, kisha breka, ndipo kebo itoke kwenye soketi na mwisho garini.

Kila msimu pini hukaguliwa. Zikiwa zimegeuka kahawia, au plastiki imelainika pembeni mwa mojawapo, plagi na soketi hubadilishwa zote mbili kwa pamoja, kwa sababu vibanio vya soketi iliyokwisha kuungua vimepoteza mkazo, na plagi mpya ikiingizwa humo itaungua pale pale ilipoungua ya zamani.