Kijivu Kinachopima Umbali

Ramani ya kina, ukiifungua peke yake, ni picha isiyo na rangi wala sura. Mtu aliyesimama karibu ni umbo jeupe, ukuta ulio nyuma yake ni wa kijivu, na vilima vya mbali vimezama kwenye weusi. Kila pikseli inajibu swali moja tu: kitu hiki kiko umbali gani na kamera? Mtazamaji wa filamu hataiona picha hiyo kamwe. Hata hivyo, ndiyo inayoiambia programu wapi pabaki wazi na wapi patiwe ukungu, kana kwamba lenzi halisi ndiyo iliyochagua. Mimi naiheshimu kazi ya kuitengeneza kuliko nyingi zinazopigiwa makofi.

Hamu ya kuutawala umbali ni ya siku nyingi. Katika filamu ya Citizen Kane ya mwaka 1941, mpigapicha Gregg Toland alitaka glasi iliyo mbele kabisa ya kamera, mgonjwa kitandani na mlango wa nyuma vyote vionekane wazi. Lenzi moja haikuweza. Basi glasi ikapigwa picha kwanza huku chumba kikiwa gizani, filamu ikarudishwa nyuma, kisha chumba kikawashiwa taa na kupigwa juu ya filamu ileile. Mwaka 1974, Edwin Catmull, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Utah, alieleza namna kompyuta inavyoweza kutunza kina cha kila pikseli ili ijue kipi kinakificha kipi. Miaka saba baadaye, Michael Potmesil na Indranil Chakravarty wakazitumia namba za namna hiyo kuitia picha ukungu wa lenzi baada ya kwisha kuchorwa.

Picha ya kompyuta, basi, huja na namba zake. Video iliyopigwa mtaani haina. Hapo ndipo fundi anapoanza kuujenga umbali kwa mkono. Barabara inapewa mteremko wa kijivu, kutoka chini ya fremu hadi inakoishia. Mwanamke aliyeketi mezani anakatwa umbo lake fremu baada ya fremu, na wala hapewi kijivu kimoja, maana pua iko mbele ya sikio. Ngazi 256 za picha ya biti 8 hazitoshi barabara ndefu: ukungu unabadilika kwa mistari mistari. Biti 16 zinatoa ngazi 65,536, na mistari inatoweka.

Lakini ufundi wenyewe uko kwenye kingo. Katika picha ya kawaida, unywele unalainishwa kwa kuchanganywa na rangi ya nyuma yake, na jicho linaridhika. Katika ramani ya kina, mchanganyiko huo ni uongo. Pikseli iliyo nusu unywele mweupe na nusu ukuta mweusi inakuwa ya kijivu, na programu inasadiki kwamba katikati ya mwanamke na ukuta kuna kitu kinaelea. Matokeo yake ni utepe wa ajabu unaozunguka kichwa, na mtazamaji asiyejua lolote anahisi kuna kasoro. Dawa yake ni kutenganisha: mandhari ya nyuma yajazwe kwa kuchora yale ambayo kamera haikuyaona, yatiwe ukungu wake, ndipo mwanamke arudishwe juu na nywele zake zote.

Kioo cha dirisha ni kigumu zaidi. Kina chake ni cha kioo, cha mti ulio nje, au cha taa inayoakisiwa humo? Namba moja haibebi majibu matatu. Fundi lazima aamue mtazamaji anaangalia nini, na uamuzi huo ni wa mtu anayejua kusimulia.

Siku hizi akili mnemba inakisia kina kutoka kwenye picha moja, na naifurahia kwa dhati, kwani inaokoa saa nyingi. Ila mara nyingi inakisia nani yuko mbele ya nani, haipimi mita. Kijivu chake huweza kucheza kati ya fremu na fremu. Na kwenye nywele na vioo bado inababaika. Kwa hiyo wewe unayejifunza kazi hii, pokea ramani ya mashine kama mwanzo tu. Ikuze mpaka pikseli zihesabike, upite ukingo wa nywele kwa mkono wako, ndipo uwashe ukungu.