Pinto kabla ya risasi

Ukitaja jina la Pio Gama Pinto hapa Ayany, anayemjua atakuambia jambo moja: alipigwa risasi. Labda aongeze kwamba kuna barabara yenye jina lake kule Westlands. Basi, stori imeisha.

Nimemaliza kusoma Pio Gama Pinto: Kenya's Unsung Martyr, kitabu kilichohaririwa na Shiraz Durrani na kutolewa na Vita Books mwaka 2018. Ugomvi wangu nacho unaanzia kwenye jalada. Kwa Kiswahili, huyo martyr tungemwita shahidi, na neno hilo lina maana mbili: aliyeuawa kwa ajili ya msimamo wake, na aliyeona akasema. Jalada limechagua ile ya kwanza. Mimi naitaka ya pili.

Kwa sababu huyu jamaa alifanya kazi, tena kazi ya kuchosha. Alizaliwa Nairobi mwaka 1927. Mei 1950 wakoloni walipowakamata Makhan Singh na Fred Kubai, viongozi wa wafanyakazi, Pinto aliingia kusaidia vyama vilivyobaki bila vichwa. Alikuwa mhariri wa Daily Chronicle. Mwaka 1954 alimwoa Emma, na zawadi ya pesa kutoka kwa baba mkwe akainunulia mtambo wa kuchapisha. Hebu fikiria: bibi harusi anangoja vyombo vya nyumba, bwana anakuja na mashine! Miezi mitano baada ya harusi alikamatwa, akapelekwa Takwa, kisiwani Manda karibu na Lamu, kisha Kabarnet, hadi 1959. Alipotoka, akarudi kwenye magazeti. Alisaidia kuanzisha Pan African Press, iliyotoa, pamoja na mengine, gazeti la Kiswahili, Sauti ya Mwafrika.

Kitabu kinayagusa haya, sikatai. Kimekusanya maandishi yake mwenyewe na kumbukumbu za waliomjua, na kwa hilo tunamshukuru Durrani, maana nani mwingine angejisumbua? Lakini sifa zinarundikana. Huyu anasema Pinto hakujipenda, yule anasema hivyo hivyo, na wa tatu pia. Nilitaka kujua karatasi ililipiwa na nani, gazeti lilifikaje mtaani, msomaji wa kibarua alisomewa na nani. Hapo ninapata makombo.

Halafu kuna tarehe 24 Februari 1965, nje ya nyumba yake, binti yake akiwa ndani ya gari. Alikuwa na miaka 37. Kisilu Mutua alifungwa hadi 2001 akikana hadi mwisho, na waliopanga mauaji hawajawahi kushtakiwa. Naelewa kwa nini kidonda hicho kinameza kila kitu. Bado nasema kinameza zaidi ya haki yake.

Miezi miwili kamili kabla yake, London, alifariki Claudia Jones wa Trinidad. Marekani ilimfunga kisha ikamfukuza kwa ukomunisti wake, naye mwaka 1958 akaanzisha West Indian Gazette huko Brixton. Leo wengi wanamkumbuka kwa kanivali. Yeye amefunikwa na ngoma, Pinto amefunikwa na risasi, na magazeti yao yote mawili yamesahaulika.

Kwangu hili si suala la makavazi. Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo viache kutangaza maandamano mubashara, na mitambo ya baadhi ikazimwa. Mahakama ilisimamisha agizo siku hiyo hiyo, sawa, lakini kwa saa kadhaa watu walibaki na simu tu. Kizazi changu kinajua kupakia video. Kumiliki chombo, kukilipia, kukisambaza kikizimwa, hayo hatujafundishwa, na mtu aliyeyafanya tunamchora ukutani kama maiti yenye miwani.

Tena kitabu kizima ni cha Kiingereza. Mtu aliyechapisha gazeti la Kiswahili asomwe kwa lugha ya waliomfunga? Ningependa mhariri mmoja akate sifa nusu nzima, aache barua na makala za Pinto, azitafsiri, atoe kijitabu chembamba cha karatasi ya kawaida, ambacho mtu anaweza kukinunua pale Toi na chenji iliyobaki baada ya viatu vya mtumba.