Kifungo Kisichokwisha

Riwaya ya Charles Dickens iitwayo Great Expectations, yaani Matarajio Makuu, ilitolewa sehemu kwa sehemu katika jarida lake la kila juma, tangu Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Aghalabu husomwa kama kisa cha Pip, yatima aliyelelewa na mhunzi akatamani uungwana. Mimi naiona kwanza kuwa kitabu cha adhabu, na mtu wake mkuu ni Magwitch, mfungwa mtoro.

Mwandishi aliyajua mambo hayo kwa karibu. Mwaka 1824, alipokuwa na miaka 12, baba yake alitiwa katika gereza la Marshalsea, London, kwa ajili ya deni. Uingereza ya utoto wake ilikuwa na makosa zaidi ya 200 ya kunyongewa, wizi ukiwamo. Katika enzi ya Malkia Victoria (1837–1901) kamba ilipunguzwa. Kufikia mwaka 1861 makosa hayo yalibaki machache sana, na mwaka 1868 kunyonga hadharani kukakomeshwa. Gereza ndilo lililochukua nafasi ya kamba. Huko Pentonville, gereza lililofunguliwa mwaka 1842, kila mfungwa alikaa peke yake, na alipotoka chumbani alifunikwa uso ili wenzake wasimjue. Iliaminiwa kwamba upweke ungemrudi mkosaji. Lakini watu wale wale walisema liko tabaka la wahalifu, waliozaliwa wawe hivyo. Imani hizi mbili hazipatani: kama mtu hawezi kugeuka, kumrudi ni kwa nini?

Hapo ndipo Dickens anapogusa kidonda. Magwitch anasimulia kwamba jambo la kwanza analolikumbuka maishani ni kuiba mboga shambani kwa sababu ya njaa. Akiwa bado mtoto, wageni waliotembelea gereza walionyeshwa yeye kama sugu wa uhalifu. Ukubwani anashitakiwa pamoja na Compeyson, mwerevu aliyekuwa kiongozi wa ubaya wao. Compeyson ana mavazi mazuri na maneno ya shule, hivyo anapewa miaka 7. Magwitch anapewa 14. Sijui sura nyingine ya riwaya inayoeleza kwa maneno machache kama haya jinsi mizani ya haki inavyoelemea upande wa koti zuri. Na wakili Jaggers, kila amalizapo shughuli na wateja wake, hunawa mikono kwa sabuni ya manukato. Dickens haelezi sana. Anamwacha msomaji aione sabuni.

Hata hivyo kitabu kina upungufu. Kwanza, kisa kimerudishwa nyuma. Magwitch anahukumiwa kifo kwa kurejea kutoka uhamishoni, adhabu iliyokuwa imefutwa tangu miaka ya 1830. Msomaji wa 1861 aliweza kuulilia ukatili wa baba zake, akalala usingizi. Pili, Magwitch anakufa kitandani, katika zahanati ya gereza, kabla ya siku ya kunyongwa. Kifo hicho kinaliza, lakini kinamwokoa mwandishi na swali gumu: kama mtu huyu angeachiwa huru akajenga nyumba jirani na yetu, tungempokea?

Swali hilo si la Waingereza peke yao. Magwitch alipelekwa New South Wales, koloni la wafungwa. Queensland ilimeguliwa kutoka humo mwaka 1859, na mwaka 1899, Victoria akiwa bado kwenye kiti chake, ikajitungia sheria ya jinai. Sheria hiyo ndiyo iliyofuatwa Waingereza walipoitungia Tanganyika sheria ya adhabu mwaka 1930, na Kanuni ya Adhabu tuliyo nayo ni ya ukoo huo. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliamuru kwamba waliotiwa hatiani kwa makosa fulani, wizi wa mifugo ukiwamo, wapigwe viboko 24: 12 waingiapo gerezani na 12 watokapo. Viboko hivyo viliondolewa mwaka 1972, vikarudishwa mwaka 1989. Vile 12 vya kuingilia naweza kuelewa mtungaji alifikiri nini. Vya kutokea ni mdeni aliyekwisha lipa kupigwa mlangoni.

Nasi vijijini tunavyo viboko vyetu vya kutokea. Hapa Tlawi mtu aliyefungwa kwa ng'ombe wa wizi hubaki kuitwa mfungwa hata anapoota mvi, na mnyama akipotea, nyumba yake huwa ya kwanza kutazamwa. Wazee wetu Wairaqw walijua kutenga. Katika hali ya metimani, mtu aliyepatwa na jambo la unajisi, kama vile msiba, alikaa mbali na wenzake. Haikuwa adhabu ya mwizi, lakini ilikuwa na jambo moja ambalo hukumu zetu zinakosa: ilikuwa na mwisho, na kila mtu aliujua.

Dickens alionyesha kwamba mfungwa ni mtu. Kwa hilo kitabu chake kinastahili kusomwa na kila anayekaa barazani kuhukumu wenzake. Kwamba mtu huyo ana haki ya kurudi nyumbani, hilo alituachia sisi.