Chuma Kikongwe Katika Nchi ya Mvua

Bukoba hupata mvua ya wastani wa milimita 2,000 hivi kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya ile inayoinyeshea Dodoma. Migomba inaneemeka, kahawa inaneemeka, na kutu nayo inaneemeka. Bati jipya la Hamugembe halikawii kupata rangi ya udongo. Jembe lililosahauliwa kibanjani usiku mmoja linaamka na madoa mekundu, na unyevu wa ziwa unaingia hadi ndani ya kabati lililofungwa kwa ufunguo. Katika nchi ya namna hii, mtu anayepokea bunduki kuukuu ya jeshi, iliyopatikana kwa bei ya chee na kupita mikononi mwa watu wasioijali, kisha akairudisha katika hali ya kuaminika, namweka daraja moja na sonara. Tena sonara ana nafuu, maana dhahabu haioti kutu.

Bunduki ninayoisemea ni SAR. Watanzania wengi wameiona hata kama hawaijui jina: ile ndefu yenye kitako cha mbao, singe imekunjwa chini ya mtutu, inayoning'inia begani kwa mgambo au kwa mlinzi wa mlangoni. Taarifa za polisi huitaja sambamba na SMG, na kweli ni binamu, kwani zote hula risasi moja ya milimita 7.62 yenye ganda fupi. SMG ni kazi ya Kalashnikov. SAR ni ya Simonov, Mrusi mwenzake, na muundo wake ni wa mwaka 1945. Wachina walianza kuiunda mwaka 1956, wakaiita Aina ya 56; na kwa kuwa SMG yao nayo waliipa jina hilohilo, watu wa makaratasi wanachanganyikiwa hadi leo. Kwetu iliingia kwa mlango wa siasa. Tanganyika Rifles walipoasi Januari 1964, jeshi lile la kurithi lilivunjwa, JWTZ likaundwa Septemba mwaka huohuo, na miaka iliyofuata China ikawa rafiki mkubwa wa ghala letu la silaha.

Kwingineko duniani bunduki hiihii ni bidhaa ya mnada. Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980, ya Kichina iliuzwa kwa chini ya dola 100, imezama kwenye grisi nzito ndani ya kasha la mbao, hadi serikali ya Clinton ilipozuia bunduki za China mwaka 1994. Ukazaliwa kule ufundi mzima wa uani: watu wanayeyusha grisi kwa maji ya moto, wanakwangua vanishi, wanang'oa kitako cha mbao na kuweka cha plastiki, wanabandika magazini kubwa isiyokaa sawasawa. Wengine hutumia kwenye mapambo pesa nyingi kuliko walizonunulia bunduki yenyewe. Hapa kwetu sheria ya silaha ya mwaka 2015 haikupi nafasi hiyo. Bunduki haifanyiwi majaribio barazani, na SAR si mali ya mkulima wa kahawa. Hivyo ufundi wetu umebaki mikononi mwa watu wachache: watunza ghala, askari wastaafu, wazee wa mgambo.

Namfahamu mmoja Muleba. Alijifunza silaha akiwa mgambo, akavuka mpaka kuingia Uganda mwaka 1979 pamoja na wenzake, na sasa, umri ukiwa umepita miaka 65, ndiye anayetunza bunduki za walinzi wa maghala. Siku walinzi wanaporudi kutoka kulenga shabaha ndiyo siku ya kumtazama.

Kwanza kidole. Kijana akimkabidhi bunduki humwambia, "Haina kitu, mzee." Naye hajibu. Anavuta mashine nyuma, anafungua magazini kwa chini, anaingiza kidole kidogo ndani ya chemba na kukizungusha. Amewahi kuulizwa kwa nini haamini macho yake. "Macho yangu yana umri wangu, mwanangu. Na yako yana haraka."

Kisha maji. Hapo ndipo mgeni hushtuka, kwa sababu sote tumelelewa kuamini kwamba chuma na maji havipatani. Sufuria inachemka kwenye jiko la mkaa, mzee anaweka faneli nyuma ya mtutu na kumimina polepole mpaka maji yatokee mdomoni, meusi kama ya kuoshea masizi. Sababu yake ni ya kikemia na ni rahisi kuielewa. Fataki za risasi nyingi za zamani zimetiwa klorati ya potasi, na ikilipuka huacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi inayofanana tabia na ile ya jikoni: hunyonya unyevu wa hewa na kuulisha chuma. Oili haiyeyushi chumvi. Ukipaka oili juu yake umeificha tu, na chini ya ule mng'ao chuma kinaendelea kuliwa. Maji ndiyo huiyeyusha na kuondoka nayo. Yanatakiwa yawe ya moto kwa sababu ya pili, nayo ndiyo inayonipendeza zaidi: chuma kikishika joto hujikausha chenyewe. Mvuke unatoka mdomoni mwa mtutu kwa muda mfupi, halafu basi. Mitutu mingi ya SAR ilipakwa kromu kwa ndani na huvumilia uzembe, lakini bomba la gesi na pistoni yake havina bahati hiyo, kwa hiyo navyo vinaingia sufuriani.

Baada ya hapo ni vitambaa vya fulana kuukuu na ule ufito unaokaa chini ya mtutu. Na hapa kuna jambo ambalo vijana hawaliamini mpaka walione. Bunduki nyingi za jeshi hazikuharibiwa na vita. Ziliharibiwa na usafi. Mwili wa SAR umezibwa kwa nyuma, kwa hiyo ufito lazima uingilie mdomoni. Kuruta anasugua kwa nguvu mbele ya afande, ufito wa chuma unakwaruza ukingo wa mdomo upande mmoja kila siku, na baada ya miaka kadhaa ukingo ule unakuwa wa yai badala ya duara. Risasi ikitoka pale inasukumwa na gesi upande mmoja kabla ya mwingine, ikapinda. Bunduki inang'aa, lakini hailengi. Wachina na Warusi walilijua hilo, wakaweka ndani ya kitako kikopo cha vifaa ambacho mfuniko wake huvikwa mdomoni ili ufito upite katikati. Vikopo hivyo vilipotea zamani. Fungua kitako cha SAR yoyote ya mlinzi na aghalabu utakuta tundu tupu. Mzee amejitengenezea chake kwa ganda la risasi iliyokwisha kupigwa, la bunduki kubwa zaidi, lililotobolewa kitakoni kwa kuchimba taratibu kwa tupa ya mkia wa panya. Analivika mdomoni, ufito unapita kwenye tundu, hakuna kinachokwaruza. Nililishika mkononi. Kingo za tundu amezilainisha kwa msasa mwembamba hadi haziudhi hata ngozi ya kidole.

Sehemu ninayoiona nyeti kuliko zote haihusu mtutu. Ndani ya mashine kuna sindano inayogonga fataki, na katika SAR nyingi sindano hiyo haina springi ya kuirudisha. Inaelea tu ndani ya tundu lake. Ikishikwa na grisi iliyoganda au taka ya kutu, inabaki imechomoza mbele, na mashine ikijifunga juu ya risasi bunduki inajipiga bila mtu kugusa kifyatulio, pengine risasi moja, pengine zote 10. Kinga yake haigharimu hata senti. Mzee anaosha mashine kwa mafuta ya taa, anaipuliza, anaisogeza sikioni mwa kijana na kuitikisa.

"Unasikia?"

"Inagonga, mzee."

"Siku usiposikia, usiipakie. Niletee."

Kwenye mbao anabadilika, anakuwa mpole. Hana habari na vanishi. Anaosha kitako kwa sabuni, anakikausha kivulini siku kadhaa, na penye bonde lililoachwa na kuangushwa anaweka kitambaa kibichi, juu yake pasi ya mkaa. Mvuke unaingia kwenye nyuzi za mbao na bonde linapanda lenyewe. Ni ajabu ndogo, na kila anayeiona mara ya kwanza huomba irudiwe. Msasa hugusa kidogo sana, mafuta ya kitani yanafuata, kwa kiganja.

Na kuboresha? Nilitegemea orodha. Alikuwa na mambo matatu tu: mkanda mpya wa turubai, springi mpya ya magazini pale ile ya zamani imechoka, na tone la rangi nyeupe ya kucha, ya kununua sokoni Bukoba, kwenye ncha ya shabaha ya mbele ili ionekane usiku unapoingia. Mengine yote aliyokuwa amefanya yalikuwa ni kuondoa: kuondoa chumvi, grisi iliyoganda, rangi ambayo mtu aliipaka juu ya kutu badala ya kuitoa kutu. Naona hapo ndipo anapowashinda wale wa magazini za plastiki. Wao wanaanza na swali la kuongeza nini. Yeye anauliza ni nini kilichoongezwa na uzembe tangu bunduki itoke kiwandani, kisha anakifukuza. Simonov alishamaliza kazi yake. Kumrekebisha Simonov kwa kitu cha dukani ni kujitafutia kukwama risasi.

Silaha za mitumba si jambo geni pande hizi. Kila mara majeshi ya Ulaya yalipobadilisha bunduki, za zamani zilishuka pwani yetu. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Wajerumani nao waliwapa askari wao wa hapa mabaki. Vita ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, wengi wa askari hao walikuwa na Mauser ya mwaka 1871, ya risasi moja moja na baruti nyeusi, ambayo ikipigwa wingu la moshi humwonyesha adui ulipolala. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu wakaishambulia Bukoba kwa siku mbili, wakabomoa mnara wa redio na kupora mji. Frederick Selous, mwindaji aliyekwisha kupita miaka 60, alikuwa miongoni mwao. Lakini kwa mada yangu kisa kizuri zaidi kilitokea miezi miwili kabla, kaskazini ya Tanga. Meli Rubens, iliyobeba bunduki 1,800 hivi za kisasa na mamilioni ya risasi, ilipigwa na Waingereza na kuzama kwenye kina kifupi. Mzigo ukaopolewa. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari, basi zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, maganda yakasuguliwa, zikafungwa tena. Kazi ya namna hiyo haina wimbo wala sanamu, ila iliirefusha vita kuliko majenerali wanavyopenda kukiri.

Na Kagera ina deni la ziada kwa chuma. Kabla ya kupokea vyuma vya watu, ilifua vyake. Maruku, kwenye kijiji cha Katuruka, na kandokando ya ghuba ya Kemondo, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua mabaki ya matanuri yenye umri unaokaribia au kupita miaka 2,000, kisha akawaomba wazee wa Kihaya wajenge tanuri jinsi walivyolikumbuka. Mirija ya udongo iliingizwa ndani kabisa ili hewa ya mivukuto ishike moto kabla ya kufika kwenye makaa. Schmidt na Donald Avery waliandika kwamba joto lilipita nyuzi 1,800 na kwamba palitoka chuma chenye kaboni, yaani chuma cha pua. Wapo wataalamu waliobisha hayo maelezo ya hewa ya moto, na ubishi haujaisha. Makala yao ilichapishwa Septemba 1978. Mwezi uliofuata majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na watu wa mkoa huohuo wakapewa SAR.

Mzee hapendi maneno mengi juu ya hilo. Wenzake wamelala Kaboya, hukohuko Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa, na ukimuuliza kama anaona fahari kusafisha kitu kilichoundwa kuua, anakutazama kama mtu aliyeulizwa swali na mtoto wa mjini. Siwezi kumsemea. Ninaloweza kusema kwa niaba yangu ni kwamba sijaandika haya kwa kupenda bunduki. Ningefurahi zaidi kama ustadi ule wote ungeelekezwa kwenye pampu za visima. Lakini bunduki zipo, ziko begani kwa vijana wa miaka 22 wanaosimama karibu na milango tunayopita sisi na watoto wetu, na ile ambayo sindano yake imeganda ni hatari kwetu kuliko kwa mwizi.

Mwezi ujao analetewa walinzi wapya. Ameshawaambia wakubwa zake kwamba hakuna atakayeshika risasi kabla hajaweza kufungua na kufunga SAR akiwa amefumba macho, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayetikisa mashine. Wakubwa wanalalamika kuwa anachelewesha. Anawajibu kwa upole uleule wa Kihaya usio na njia ya kuzunguka: "Waitu, mimi sina haraka."